Mshono wa Kongosho na Mikono ya Roboti

Maneno niliyokuja nayo jioni hii yahusu mshono mmoja tu unaoshonwa ndani ya tumbo la binadamu, mshono ambao urefu wake hauzidi wa kidole, lakini ambao kwa muda wa karibu miaka mia umewashughulisha mafundi wa upasuaji wa Ulaya, Marekani na Asia kuliko mishono mingine mingi iliyo mirefu na mipana zaidi. Ni mshono uunganishao kongosho na mfuko wa chakula, na siku hizi, katika hospitali zenye uwezo, hushonwa na tabibu aliyeketi hatua chache mbali na mgonjwa, akiiongoza mikono ya roboti. Nimeuchagua kwa sababu naona sifa nyingi zatolewa kwa mashine na chache mno kwa elimu ya mkono unaoiongoza, na kosa hilo, pindi litakapoingia katika mipango ya hospitali zetu, litalipwa kwa roho za watu.

Yafaa kwanza tukijue kiungo chenyewe. Kongosho limelala kwa mapana nyuma ya mfuko wa chakula, karibu na uti wa mgongo. Kichwa chake kimezungukwa na mwanzo wa utumbo mwembamba, yaani duodeni, upande wa kulia, na mkia wake wafika jirani ya bandama upande wa kushoto. Kwa mtu mzima urefu wake ni kiasi cha sentimita 15, na uzito wake aghalabu haufiki gramu 100. Kiungo hiki kidogo kina kazi mbili kubwa. Ya kwanza ni kumimina insulini katika damu, homoni ile ambayo watafiti wa Toronto waliipata mwaka 1921 na ambayo imewaokoa wagonjwa wa kisukari wasio na idadi. Ya pili, ambayo ndiyo ituhusuyo leo, ni kutengeneza maji ya kumeng'enyea chakula, yapata lita moja au zaidi kila siku, yenye vimeng'enya vya kuvunja wanga, mafuta na protini. Na hapa pana hekima kubwa ya maumbile: vimeng'enya vya kuvunja protini hutoka katika kongosho vikiwa havina nguvu, navyo huipata nguvu hiyo pale tu vinapofika katika duodeni na kukutana na kimeng'enya kingine kikaacho katika ukuta wa utumbo huo. Lau vingelikuwa na nguvu tangu mwanzo, kongosho lingejila lenyewe. Maji hayo yanapovuja na kuenea tumboni, vimeng'enya vikiisha kupata nguvu huanza kuimeng'enya nyama ya mgonjwa, na vikiufikia ukuta wa mshipa mkubwa wa damu huutoboa, damu ikaanza kumwagika siku kadhaa baada ya upasuaji, wakati ambapo ndugu wamekwisha kumshukuru Mungu kwamba hatari imepita.

Upasuaji wa kichwa cha kongosho hufanywa aghalabu kwa ajili ya saratani, ama ya kongosho lenyewe, ama ya mwisho wa mrija wa nyongo, ama ya kile kijitundu ambacho kwacho nyongo na maji ya kongosho huingia utumboni. Mtu asiyejua huuliza kwa nini tabibu asikate uvimbe peke yake akaviacha vingine vyote mahali pake. Jawabu ni kwamba kichwa cha kongosho na duodeni hulishwa na mishipa ile ile ya damu, hata ukikitoa kimoja umekiua cha pili. Tena mrija wa nyongo umepita ndani ya kichwa hicho hicho. Kwa hiyo tabibu huondoa kwa pamoja kichwa cha kongosho, duodeni, mfuko wa nyongo, sehemu ya mrija wa nyongo, na mara nyingi ncha ya chini ya mfuko wa chakula, kisha akabaki na miisho mitatu iliyo wazi ambayo sharti aiunganishe upya na njia ya chakula: wa nyongo, wa mfuko wa chakula, na wa kongosho lililosalia. Mishono miwili ya kwanza aghalabu hupona bila ya tatizo. Wa tatu ndio usioaminika. Kongosho lililougua kwa muda mrefu huwa gumu na mrija wake hupanuka, nalo hushikika vema na uzi. Lakini kongosho laini, lenye mrija usiofika milimita 3, ndilo la hatari kuliko yote, kwa maana uzi ukikazwa kupita kiasi hulikata kama ukatavyo halua, na ukilegezwa huacha mwanya ambamo maji hupenya.

Historia ya jambo hili ni historia ya watu waliojaribu, wakafiwa na wagonjwa, na wakajaribu tena kwa njia nyingine. Mwaka 1898, katika mji wa Imola, Italia, Alessandro Codivilla aliondoa sehemu ya kongosho pamoja na duodeni. Mgonjwa wake hakuishi muda mrefu. Mwaka 1909 Walther Kausch wa Berlin aliufanya upasuaji wa namna hiyo kwa hatua mbili na mgonjwa akapona upasuaji. Lakini jina lililoshikamana na kazi hii duniani kote ni la Allen Whipple wa New York, ambaye mwaka 1935, pamoja na wenzake wawili, alitangaza namna ya kuiondoa saratani ya kijitundu kile kwa hatua mbili, na mwaka 1940 akaweza kuifanya kazi yote kwa hatua moja.

Whipple alizaliwa Urmia, katika nchi ya Uajemi, mwaka 1881, mtoto wa wamishenari, na uzeeni aliandika kitabu juu ya mchango wa Wanestoria na Waislamu katika historia ya utabibu, kitabu kilichotoka baada ya kufa kwake. Nalitaja hilo kwa furaha, maana mtu huyu aliyekuwa bingwa wa New York alijua kwamba sanaa ya kushona jeraha haikuanzia huko. Karne nyingi kabla yake, Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Kurtuba, katika Andalusi, alikwisha kuandika juu ya vyombo vya upasuaji na juu ya nyuzi zitengenezwazo kwa utumbo wa wanyama. Lakini nyuzi hizo za utumbo, zilizotumika kwa heri katika sehemu nyingine za mwili, hazikufaa hapa, kwa kuwa nazo ni protini na maji ya kongosho huziyeyusha kabla jeraha halijashikana. Badala yake Whipple alikuwa mtetezi mkubwa wa nyuzi za hariri. Hata hivyo, hapo mwanzo hakuliunganisha kabisa kongosho lililosalia. Alilifunga mdomo akaliacha, na mara nyingi lilivuja.

Miaka iliyofuata haikuwa ya fahari. Hata kufikia miaka ya 1960 na 1970, katika hospitali nyingi, karibu mgonjwa mmoja katika kila wanne aliyefanyiwa upasuaji huu alikufa hospitalini, hata mwaka 1970 George Crile wa Cleveland akaandika kwamba kuipitisha nyongo kando ya uvimbe kunamfaa mgonjwa kuliko kukata. Sina sababu ya kumlaumu. Kwa hesabu za siku zile alikuwa na hoja. Kilichobadilisha hali ni mambo kadhaa yaliyokuja pamoja: picha za ndani ya mwili zilizo bora, uangalizi wa wagonjwa mahututi, na zaidi ya yote kukusanywa kwa kazi hii katika mikono michache iliyoifanya kila wiki. Mwaka 1993 matabibu wa Johns Hopkins, Baltimore, walitangaza wagonjwa 145 mfululizo waliofanyiwa upasuaji huu bila hata mmoja kufa kwa ajili yake. Na mwaka 2002 uchunguzi mkubwa wa Marekani, uliowahusu wazee wenye bima ya serikali, ulionyesha kwamba katika hospitali zilizoufanya upasuaji wa kongosho kwa nadra kabisa walikufa wagonjwa 16 katika kila 100, ilhali katika zile zilizoufanya kwa wingi walikufa chini ya 4. Nawaomba wasikilizaji wazishike hesabu hizi mbili, kwa sababu hapakuwa na roboti yeyote ndani yake.

Sasa kwa nini mfuko wa chakula? Desturi ya wengi ilikuwa, na bado ni, kuliunganisha kongosho na utumbo mwembamba uliovutwa kutoka chini. Lakini mwaka 1934 Tripodi na Sherwin waliwajaribu mbwa kwa kuliunganisha kongosho na mfuko wa chakula, na mwaka 1946 Waugh na Clagett wa Mayo Clinic wakaeleza jinsi walivyofanya hivyo kwa binadamu. Hoja za njia hii zinaeleweka hata kwa asiye tabibu. Ukuta wa nyuma wa mfuko wa chakula umelala juu ya kongosho lenyewe, basi viungo viwili hivyo vyaweza kukutanishwa bila ya kuvutana. Ukuta huo ni mnene na una damu nyingi, na penye damu nyingi jeraha hupona upesi. Tindikali ya mfuko wa chakula huvidhoofisha vimeng'enya, na kile kimeng'enya cha kuvitia nguvu hakimo humo, hivyo maji yanayofika hapo hufika yakiwa yamepunguzwa ukali. Fauka ya hayo, mpira upitishwao puani hadi katika mfuko wa chakula huyafyonza maji na hewa, na mshono wenyewe waweza kutazamwa baadaye kwa kamera iingizwayo kinywani.

Njia hii ina madhara yake pia, nayo si haki kuyaficha. Uso wa kongosho uliokatwa, ukiwa ndani ya mfuko wa chakula, huweza kutoka damu nyingi, na tindikali haiusaidii. Na kwa miaka ya baadaye vimeng'enya vilivyodhoofishwa huwa havitoshi kumeng'enya mafuta, mgonjwa akahitaji kumeza vidonge vyenye vimeng'enya pamoja na mlo wake.

Basi wataalamu wakaamua kulipima jambo lenyewe kwa kuwagawa wagonjwa kwa kura, wengine wakashonwa kwenye mfuko wa chakula na wengine kwenye utumbo. Mwaka 1995, Baltimore, kati ya wagonjwa 145, uvujaji ulikuwa asilimia 12 kwa njia ya kwanza na asilimia 11 kwa ya pili, yaani hapakuwa na tofauti. Mwaka 2013 Wabelgiji, kwa wagonjwa 329, walipata asilimia 8 kwa mfuko wa chakula na karibu asilimia 20 kwa utumbo, na wengi wakadhani kwamba shauri limekwisha. Mwaka 2016 Wajerumani, kwa wagonjwa 320, wakapata asilimia 20 na 22, na shauri likarudi pale pale. Mimi katika habari hii sioni aibu ya elimu. Naona uaminifu wake. Watu walikuwa na imani yao, wakaiweka katika mizani mbele ya wote, na mizani ilipokataa wakasema imekataa. Rai yangu ni kwamba tabibu aujuaye mshono wake vizuri, wa upande wowote kati ya hizi mbili, ni afadhali kwa mgonjwa kuliko yule anayebadilisha njia kila anaposoma jarida jipya.

Katika ugomvi huo ndipo roboti alipoingia. Chimbuko lake limo katika utafiti uliofanywa California kwa fedha za jeshi la Marekani, ambalo lilitamani tabibu aweze kumshona askari aliyejeruhiwa huku yeye mwenyewe yu mbali na uwanja wa vita. Mwaka 2000 wenye mamlaka wa Marekani waliiruhusu mashine iitwayo da Vinci itumike katika upasuaji wa tumbo. Tarehe 7 Septemba 2001 Jacques Marescaux, akiwa New York, aliutoa mfuko wa nyongo wa mgonjwa aliyelala Strasbourg, Ufaransa, kwa kutumia mashine nyingine iitwayo ZEUS. Na mwaka huo huo wa 2001, katika hospitali ya Grosseto, mji wa Italia usio na sifa kubwa katika vitabu vya utabibu, Pier Cristoforo Giulianotti, ambaye baadaye alihamia Chicago, akaanza kufanya upasuaji wa kichwa cha kongosho kwa roboti.

Watu wengi hudhani kwamba roboti hushona mwenyewe. Sivyo hata kidogo. Mashine hii haina rai. Tabibu huketi penye meza ya kuongozea, paji la uso limeegemea kiooni, akiona kwa macho mawili picha yenye kina na iliyokuzwa mara kadhaa. Vidole vyake vimeshika vishikio viwili na miguu yake yakanyaga pedali. Kila anavyogeuza kiganja, chombo kilicho ndani ya tumbo la mgonjwa hugeuka vivyo hivyo, kwa mwendo mdogo zaidi na bila ya mtetemo wa mkono. Vyombo hivyo hupita katika matundu ya milimita 8, na ncha zake zina kifundo kinachopinda pande zote, tofauti na vyombo vya zamani vya kupasulia kwa matundu, ambavyo vilikuwa virefu, vilivyonyoka, na vya kumchosha mtu anayetaka kuchoma sindano kwa pembe ngumu. Kwa mshono wa kongosho hiyo ndiyo faida hasa, kwa sababu sindano hapa yatakiwa ifuate upinde wake wenyewe. Ikisukumwa kwa ubavu hata kidogo, nyama hupasuka.

Natamani msikilizaji auone mshono wenyewe kwa karibu. Tumbo limejazwa hewa ya kaboni dayoksaidi ili kupatikane nafasi. Uvimbe umekwisha kukatwa na kuwekwa ndani ya mfuko wa plastiki utakaotolewa mwishoni. Kimebaki kigutu cha kongosho. Tabibu hukitenga na mshipa wa bandama uliokilalia kwa nyuma, akivifunga vijimshipa kimoja kimoja, hadi kipande cha sentimita 3 au 4 kinakuwa huru, kwa sababu kifupi kuliko hapo hakitaingia vizuri mahali kinapokwenda. Katika mrija wa kongosho hutia, akipenda, mpira mwembamba ili mshono usiuzibe. Kisha hutoboa ukuta wa nyuma wa mfuko wa chakula, na hapa pana siri moja ya ufundi: tundu sharti liwe dogo kidogo kuliko kigutu, maana baadaye hutanuka lenyewe, na tundu lililoanza likiwa na nafasi halitabana tena.

Kutoka hapo njia zatofautiana. Wengine huuzungusha uzi mmoja au miwili kuzunguka ukingo wa tundu, wakakiingiza kigutu, kisha wakauvuta uzi taratibu hadi ukuta wa mfuko ukikumbatie. Wengine hufungua pia ukuta wa mbele wa mfuko wa chakula, wakakivuta kigutu hadi ndani, wakakishona kutoka ndani wakikiona waziwazi, kisha wakaufunga ule ukuta wa mbele. Wengine huunganisha mrija wa kongosho peke yake na ngozi laini ya ndani ya mfuko, na kongosho lenyewe wakalishikiza nje kwa tabaka la pili la nyuzi. Baadhi hutumia nyuzi zenye vimiba vidogo ambazo, zikishavutwa, hazirudi nyuma, hivyo hazihitaji kufungwa fundo kila hatua. Kwa njia zote hizo, kabla ya kufunga, fundi mwangalifu huurudia uso wa kigutu akautazama kwa muda, akitafuta hata tone moja la damu, kwa kuwa akisha kufunga, damu itakayotoka itajificha ndani ya mfuko wa chakula mpaka mgonjwa atapike.

Hali kadhalika yuko mgonjwa wa aina nyingine ambaye mshono huu unamfaa mno, naye ni yule mwenye uvimbe usio mbaya katika shingo ya kongosho, yaani katikati. Zamani alikatwa nusu nzima ya kiungo, akaingia katika hatari ya kisukari kwa uvimbe ambao haukuwa saratani. Sasa yawezekana kukata kipande cha kati pekee, kichwa kikaachwa mahali pake, na upande wa mkia ukaunganishwa na mfuko wa chakula ulio pale pale mbele yake. Kwa kazi hiyo ya kukata kidogo na kushona kwingi roboti amejipatia nafasi ya haki.

Lakini kuna jambo moja ambalo roboti, kwa miaka zaidi ya ishirini ya mwanzo, hakuwa nalo: hisi ya kugusa. Mkono wa tabibu katika upasuaji wa wazi huhisi uzi unapokaza na nyama inapoanza kuchoka. Penye meza ya kuongozea hahisi kitu, naye sharti ajifunze kuliona kwa macho lile ambalo vidole vilimwambia, kwa kuangalia jinsi nyama inavyobadilika rangi chini ya uzi na jinsi ukingo unavyojikunja. Mashine za karibuni kabisa zimeanza kurudisha sehemu ya hisi hiyo. Hata hivyo, elimu ya macho haipatikani kwa siku moja. Matabibu wa Pittsburgh walipozihesabu kazi zao 200 za roboti, mwaka 2015, waliona kwamba upotevu wa damu ulipungua baada ya wagonjwa 20 wa kwanza, uvujaji wa kongosho ukapungua baada ya 40, na muda wa upasuaji ukapungua baada ya 80. Uvujaji, wasikilizaji, ulipungua baada ya watu 40, na hao walikuwa watu wenye majina na watoto, wakiwa mikononi mwa timu ambayo tayari ilikuwa miongoni mwa timu bora duniani.

Na ajabu nyingine ya kutisha ilitokea Uholanzi, ingawa haikuwa ya roboti bali ya upasuaji wa matundu kwa vyombo vya mkono. Wagonjwa 99 wa upasuaji wa kichwa cha kongosho waligawanywa kwa kura. Katika 50 waliopasuliwa kwa matundu walikufa 5, na katika 49 waliopasuliwa wazi alikufa 1. Wasimamizi wakausimamisha uchunguzi kabla ya wakati wake, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Tofauti hiyo yaweza kuwa ya bahati, kwa kuwa hesabu ni ndogo; lakini waliosimamisha walifanya lililo sawa, kwa sababu mgonjwa hadaiwi kuilipia ngazi ya kujifunzia ya mtu mwingine.

Tena mshono hauishii chumba cha upasuaji. Mipira huachwa tumboni kuyatoa maji, na kuanzia siku ya tatu maji hayo hupimwa amilesi, yaani kile kimeng'enya cha kongosho cha kuvunja wanga. Ikizidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida katika damu, ni dalili kwamba kongosho linavuja, na kama mgonjwa hana homa wala shida nyingine, huenda mpira ukaachwa tu zaidi na jeraha likajiziba lenyewe. Anayeliona joto la mgonjwa likipanda saa nane ya usiku ni muuguzi. Anayekiona kijitone cha damu katika mpira, kile kinachotangulia damu kubwa, ni muuguzi. Asipokuwapo, au akiwapo mmoja kwa wagonjwa 40, mashine ya mamilioni haitamsaidia mtu.

Nakuja sasa kwetu. Mashine moja ya namna hii huuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja, na vyombo vyake vya ncha vimewekewa hesabu ya matumizi, hivyo hata vikiwa bado vizima, hesabu ikiisha mashine huvikataa na sharti vinunuliwe vingine. Sisemi kwamba Afrika Mashariki isizitamani. Mwaka 2023 pale Kigali ilifunguliwa taasisi ya IRCAD Africa, tawi la ile ya Strasbourg iliyoanzishwa na Marescaux, ya kuwafundisha matabibu wa bara letu upasuaji wa matundu madogo. Na chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, chenye makao yake Arusha, kimekuwa kikiwatoa wapasuaji wetu kwa miaka mingi. Huo ndio mpangilio niutakao: mkono ufundishwe kwanza, na mkono ukisha kufundishwa upewe wagonjwa wa kutosha wa kuudumisha ustadi wake. Kila nchi yetu ichague hospitali moja au mbili, na wagonjwa wote wa kongosho wapelekwe huko, hata kama njia ni ndefu na nauli ni ya serikali kulipa, kuliko kila mkoa kuufanya upasuaji huu mara moja kwa mwaka kwa ujasiri tu. Zile hesabu za 16 na 4 zatudai hivyo. Kisha wahesabiwe hadharani waliovuja na waliokufa. Roboti akija katika nyumba iliyokwisha jengwa hivyo, karibu; akija kabla yake, atakuwa pambo la siku ya ufunguzi.

Ama wewe msikilizaji, kama ndugu yako ameambiwa afanyiwe upasuaji wa kongosho, una haki ya kumwuliza tabibu, kwa adabu na bila ya woga, ameufanya mara ngapi katika mwaka uliopita, na wangapi walivuja. Tabibu mkweli hatakasirika. Na kwa kuwa upasuaji wowote, wa mkono au wa roboti, humfaa yule tu aliyefika kabla saratani haijasambaa, nakuomba jambo moja zaidi. Mzee wa nyumbani kwako akianza kuwa na macho ya manjano, mkojo ukawa mweusi na choo kikawa cheupe, mwili ukawa wamwasha, hata kama hana maumivu yoyote, usimpeleke kwenye dawa za miti shamba mwezi mzima mkingoja rangi iondoke. Mpeleke hospitali wiki hiyo hiyo.